Mdogo wangu amekataa kupiga kura. Nimweleweje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mwanglikana, naishi Kisauni. Mdogo wangu alibatizwa kwa Mashahidi wa Yehova miaka mitatu iliyopita. Maafisa wa kuandikisha wapiga kura walipofika mtaani, sote nyumbani tulienda isipokuwa yeye. Alisema tu, “Mfalme wangu ameshatawazwa.” Mume wangu alikasirika, akamwambia asiyepiga kura asije akalalamika barabara ikiharibika. Tangu siku hiyo wanasalimiana kwa shingo upande. Sijui nimtetee au nimkanye. Wazazi wetu ni wa Ukambani lakini sisi tulizaliwa Likoni. Mwaka 1997 tulilala kwenye uwanja wa kanisa majuma mawili, yeye akiwa na miaka tisa. Mimi nililelewa nikiambiwa Mkristo mwema ni raia mwema. Je, Biblia inakataza kura? Na sheria inasemaje?

Jibu: Marahaba, dada. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye sentensi ambayo wewe uliipitia mbio, ile ya uwanja wa kanisa. Nitairudia huko chini.

Nianze na sheria kwa kuwa ni fupi. Hapa Kenya kupiga kura ni haki, na hakuna anayeshtakiwa kwa kutopiga. Kifungu cha 38 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia mtu mzima haki hiyo, na Kifungu cha 32 kinasema mtu hatalazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani au dini yake. Mdogo wako hajavunja sheria yoyote. Na shemeji yake, nasema kwa heshima, amekosea kuhusu barabara. Barabara hujengwa kwa kodi, na mdogo wako hulipa kodi kila anaponunua sabuni. Haki yake ya kulalamika haikuandikwa kwenye kadi ya kura.

Tuje kwenye imani. Yale maneno yake, “Mfalme wangu ameshatawazwa,” usiyachukue kuwa fumbo wala kejeli. Kwa Mashahidi, Ufalme wa Mungu ni serikali hasa, yenye Mfalme na raia, na wanafundisha kwamba Kristo alianza kutawala mbinguni mwaka 1914. Ukiamini hivyo kwa moyo wote, kumchagua mtawala mwingine ni kama kula kiapo mara mbili. Wao hupenda kujilinganisha na balozi. Balozi wa nchi ya kigeni akiwa Nairobi anafuata sheria zetu za barabarani, anatuheshimu, anatuombea heri, lakini siku ya uchaguzi haonekani kwenye foleni, na hakuna Mkenya anayemwita msaliti kwa hilo. Paulo aliwaandikia Wakorintho, “Basi tu wajumbe kwa ajili ya Kristo,” na Mashahidi wanalishika neno hilo lilivyo. Msimamo huu wao huuita kutokuwamo. Hawapigi kura, hawagombei, hawaingii jeshini, hawaimbi wimbo wa taifa. Lakini kodi wanalipa na amri za serikali wanatii, kwa sababu ya Warumi 13, mpaka pale amri ya mtu inapogongana na amri ya Mungu.

Mistari yao ukiisoma bila hasira utaona haikuokotwa. Yesu mbele ya Pilato alisema, “Ufalme wangu sio wa ulimwengu huu.” Alipowaombea wanafunzi wake alisema wao si wa ulimwengu, kama yeye asivyo wa ulimwengu. Na upo ule wa Yohana 6:15 ambao sisi wahubiri wengine huupita haraka tukikimbilia mahubiri ya mikate na samaki: watu waliposhiba walitaka kumshika wamfanye mfalme, naye akajitenga, akaenda mlimani peke yake. Umati ulikuwa wake, kura alikuwa nazo, akaondoka. Kila nikifundisha sura hiyo huwaomba wanafunzi wangu wasiwe wepesi kuwacheka Mashahidi.

Nikuonyeshe jinsi watu wanavyoliishi jambo hili. Nikikaa Mikindani nilikuwa na jirani Shahidi, fundi cherehani. Kampeni za mwaka 2017 zilipopamba moto, watu wa mgombea mmoja walimletea marobota ya leso zenye picha ya mheshimiwa na jina la chama, azipinde. Kazi ya leso unaijua, ni mshono mmoja ulionyooka, pesa ya haraka. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba malipo yake yangekamilisha kodi ya chumba chake kwa miezi miwili. Alizigusa, akazikunjua moja, akaitazama, akaikunja tena pale pale kwenye mikunjo yake, akaomba radhi. Marobota yakapelekwa kwa fundi wa barabara ya pili. Nilimuuliza, kwani kupinda leso ni kupiga kura? Akasema kila mshono ungekuwa unasema kitu ambacho yeye haamini. Siku ya uchaguzi yenyewe aliweka jiko barazani, akapika chai ya tangawizi. Watoto wetu tuliwaacha kwake tulipokwenda kupanga foleni, na viti vyake vinne vilibebwa hadi kituoni wazee wakalie. Jioni vijana wakawa wanaonyeshana vidole vyenye wino. Cha kwake kilikuwa na matundu ya sindano tu.

Wapo wanaosema watu hawa wanakwepa. Anayekwepa hutafuta njia rahisi, na njia yao haikuwa rahisi. Malawi ya Kamuzu Banda iliwapiga marufuku mwaka 1967, na kuanzia 1972 walipigwa na kuchomewa nyumba kwa kukataa kununua kadi ya chama. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Zambia na Msumbiji. Huko Eritrea walikaa nje ya kura ya maoni ya uhuru ya mwaka 1993, na jeshini pia hawakwenda. Oktoba 1994 amri ya rais ikawanyang'anya uraia. Watu watatu waliofungwa mwaka huo walitoka Desemba 2020, baada ya miaka 26. Mtu anayekubali miaka 26 gerezani usimwite mvivu wa foleni.

Wala usidhani wazo hili lilianza nao. Tertuliano wa Karthago, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini, aliandika karne kumi na nane zilizopita kwamba hakuna jambo lililo geni kwa Wakristo kuliko mambo ya dola. Sababu zilikuwepo. Kushika cheo katika Roma kulikuwa na moshi wa ubani ndani yake, maana mwenye cheo alitakiwa kutoa sadaka kwa miungu ya dola. Mpagani mmoja, Kelso, aliwalaumu Wakristo kwa maneno yanayofanana sana na ya mume wako: mnakula matunda ya amani na mzigo hamuubebi. Origene, mwalimu wa Kikristo wa Aleksandria, akamjibu, mnamo mwaka 248, kwamba Wakristo humsaidia mfalme kwa maombi kuliko askari wanavyomsaidia kwa upanga. Baadaye, Februari 1527, Waanabaptisti, Wakristo waliobatiza watu wazima tu, walipokutana Schleitheim huko Uswisi waliandika kwamba Mkristo hafai kuwa hakimu, kwa kuwa hakimu hushika upanga na Kristo aliukataa. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo mwenzao Felix Manz alikuwa amezamishwa katika mto Limmat, mjini Zurich, kwa amri ya baraza la mji lililojiita la Kikristo. Ukiona dola ya Kikristo inamzamisha ndugu yako kwa kubatiza watu wazima, utaiogopa dola.

Sasa nikutoe kwa Mashahidi kidogo, kwa sababu wanaojitenga na siasa hapa kwetu wengi wao si Mashahidi. Mashahidi nchi nzima ni kama 30,000. Hata wote wangekuwa Kisauni, wasingeeleza kwa nini Mombasa nzima mwaka 2022 waliojitokeza kupiga kura hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Mume wako akitafuta wa kulaumu kwa kura zilizopotea, wa mwisho awe shemeji yake.

Wengi ni watu wa makanisa yetu, wanaosema “siasa ni mchezo mchafu” na kuishia hapo. Ukiwauliza mstari hawana. Wana kumbukumbu. Watu wa Uamsho, lile vuguvugu la wokovu la Afrika Mashariki lenye wimbo wa Tukutendereza, walikataa kiapo cha Mau Mau na wengine wakakataa pia bunduki ya serikali ya kikoloni, wakauawa kwa hilo. Wajukuu wao wamerithi tahadhari ile hata pale wasipojua ilikotoka. Wengine wanakumbuka 2007. Mimi nakumbuka Jumapili moja Desemba hiyo, katika kanisa ambalo silitaji, mhubiri alimwekea mgombea mikono kichwani, akatangaza kwamba Mungu ameshachagua. Benchi la nyuma yangu alikaa mama mmoja wa kabila la mpinzani. Nilisikia zipu ya mkoba wake ikifungwa. Alitoka taratibu, akipiga magoti kidogo kuelekea madhabahuni kama alivyozoea, na hakurudi tena. Majuma machache baadaye nchi ilikuwa inawaka. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, na tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa na watu waliokimbilia humo wakiwa ndani. Februari hiyo Baraza la Makanisa, NCCK, lilikiri hadharani kwamba viongozi wa kanisa walikuwa wameegemea pande. Ungamo lile lilikuwa la kweli, nami nalishukuru. Ila yule mama hakuwepo kulisikia.

Kwa hiyo kanisa lenu lilipoamua, Septemba 2021, chini ya Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit, kwamba wanasiasa hawatapewa tena mimbari, lilikuwa linatibu jeraha. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi wa Kanisa Katoliki, Philip Anyolo, aliagiza mamilioni yaliyotolewa na Rais kanisani yarudishwe. Hizo si hatua za kukimbia siasa. Ni kuitoa siasa mahali isipostahili, na mapadri wao Wakatoliki sheria ya kanisa imewazuia vyeo vya kiserikali huku waumini wakihimizwa kupiga kura. Wenye umri wangu watakumbuka pia mlolongo. Mwaka 1986 chama tawala kilipoamua watu wapange mstari nyuma ya mgombea mchana kweupe, NCCK ilipinga, na hoja mojawapo ilikuwa hii: mchungaji akisimama nyuma ya mtu mmoja machoni pa kondoo wote, nusu ya kondoo hawatamsikia tena. Hoja ile ingali na nguvu.

Wapo na wa aina ya tatu, na hawa ndio wanaonitia uchungu. Wanasema “sisi hatuna siasa,” na mabati yaliyo juu ya vichwa vyao yalitoka kwenye harambee ya mheshimiwa. Kimya chao kimelipiwa. Kati ya mchungaji wa namna hiyo na fundi wangu wa Mikindani, najua nani Kaisari hajamnunua.

Umeniuliza kama Biblia inakataza kura. Jibu langu ni hapana, na mimi hupiga. Nikueleze kwa nini, na sitaenda mbali, nitavuka tu hadi Kengeleni. Kengele ile unayoipita ukielekea Nyali ni ya Frere Town, kijiji ambacho wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walikianzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Huko Rabai, msimamizi wa misheni alikuwa William Jones, Mwafrika aliyekuwa yeye mwenyewe mtumwa utotoni. Watumwa waliotoroka mashamba ya Pwani walikimbilia kwake. Wakubwa wa misheni walionywa kwamba kuwaficha watoro ni kuingilia siasa, kwamba mabwana watachukua silaha, kwamba kanisa lihubiri tu. Jones aliwapokea. Kufikia mwaka 1888 watoro katika vituo vya misheni walikuwa zaidi ya elfu moja, mpaka Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikalazimika kuwalipa mabwana fidia, na watu wale wakapewa hati za uhuru.

Nimewahi kusimama Rabai nikijiuliza, kutokuwamo kungekuwa na maana gani mlangoni pale, usiku, mtu akibisha hodi na alama za pingu miguuni? Kumfungulia ni siasa. Kutomfungulia ni siasa pia, ya bwana wake. Hapa ndipo ninapoachana na Mashahidi. Naamini ziko saa ambazo kukaa kando hakupo, na naamini kura ni mlango mdogo nilioachiwa niwafungulie wengine. Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli hawakuwa kwao, hata hivyo Yeremia aliwaandikia, “Kautakieni amani mji ule.” Na Waamuzi 9 ipo: miti ilitafuta mfalme, mzeituni ukakataa kwa kuwa una mafuta yake, mtini kwa utamu wake, mzabibu kwa divai yake, basi ufalme ukaenda kwa mti wa miiba. Kila nikiona orodha ya wagombea huikumbuka sura hiyo.

Lakini haki iende pande zote. Jones hakuwa na kura. Hakuna aliyemchagua wala aliyemwomba achague. Shahidi akisikia kisa hiki atakwambia, kwa haki kabisa, kwamba mtu anaweza kumfungulia mtoro mlango bila kushika karatasi ya kura, na mimi nitakumbuka jiko la barazani na vile viti vinne. Kukataa kwao hata kumewafaa wengine: Marekani mwaka 1943 watoto wa Mashahidi waliokataa kuipigia bendera saluti shuleni walishinda kesi katika Mahakama ya Juu, na kinga waliyoipata ni ya kila mtoto wa nchi ile mpaka leo. Kwa hiyo swali ninalompima nalo mtu ni la mlangoni. Mwenye kura na asiye na kura, jirani akibisha, anafungua? Kwa mdogo wako jibu unalijua wewe uliyekaa naye.

Narudi Likoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi kilivamiwa, na siku zilizofuata watu wa bara walisakwa nyumba kwa nyumba. Zaidi ya watu 100 waliuawa. Uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni ulijaa magodoro, masufuria na watoto. Uchaguzi ulikuwa Desemba. Wewe ulikuwa mkubwa kidogo, pengine ulielewa kwamba watu wanafukuzwa ili wasipige kura pale. Mtoto wa miaka tisa huelewa kitu kifupi zaidi: uchaguzi unakuja, kwetu kunachomwa.

Sisemi imani yake imetokana na hofu. Sina haki ya kusema hivyo, nawe usimwambie hivyo, maana atakuona unamdharau Mungu wake. Amesoma, amebatizwa, amechagua, na huenda angechagua hivyo hata kama angezaliwa mahali pasipowahi kusikia risasi. Lakini nimekaa na waumini wengi wa Pwani, wa makanisa mengi, na nimejifunza kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na mambo yote mawili: utii wa kweli kwa Mfalme asiyeonekana, na kidonda ambacho hakijaguswa. Anayesikia utii peke yake atabishana mistari. Anayesikia kidonda peke yake atamwonea huruma asiyoiomba.

Basi usimtetee wala usimkanye. Kwa mume wako, mweleze habari ya balozi na habari ya kodi, na umwombe aanze yeye kusalimia, kwa kuwa ndiye mkubwa. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Mkubaliane mapema nyumbani kwamba siku hiyo hakuna atakayekagua vidole. Mwanao akiuliza kwa nini mamake mdogo hakwenda, mjibu ukweli: yeye anaamini hivi, sisi tunaamini vile, na sote tunasali. Na kama watoto wake wakisimama kimya shuleni wakati wa wimbo wa taifa, nenda naye kwa mwalimu mkuu, ukazungumze kama dada yake.

Kisha tafuta jioni moja, nyinyi wawili tu. Msizungumze kura. Mwulize anakumbuka nini cha yale majuma mawili: mlilala upande gani wa uwanja, nani aliwaletea uji, mama yenu alisema nini usiku. Umeniandikia habari za ndugu yako ukurasa mzima, na sikuona popote kwamba mliwahi kuyazungumza.